Lita Ishirini za Kufika Itigi

Pikipiki yangu ni Suzuki DR650, na ilitoka kiwandani na tanki la lita 13. Kwa mizunguko ya Mbeya mjini, Mwanjelwa na Uyole, lita hizo hunitosha wiki nzima. Lakini mke wangu kwao ni Itigi, mkoani Singida, na kila mwaka tangu tuoane nimekwenda kuwaamkia wakwe zangu kwa pikipiki, kwa njia ya Chunya. Njia hiyo ndiyo iliyonifundisha habari za tanki kubwa, na nataka kumweleza yeyote anayewaza kusafiri mbali kwa magurudumu mawili.

Wengi wanaijua kwa kuisikia tu. Kutoka Mbeya unapanda mlima hadi kwenye baridi kali, unateremka Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, unafika Makongolosi. Mpaka hapo ni lami. Kutoka Makongolosi hadi Mkiwa, unapokutana na barabara kuu ya Manyoni na Singida, ni kilomita 413, na Itigi iko karibu na mwisho wa urefu huo. Katikati kuna Rungwa, kijiji na pori la akiba, halafu vinafuata vichaka vya Itigi vilivyofungamana kiasi kwamba mbuzi akiingia humwoni tena. Safari zangu nyingi nimeipita ikiwa vumbi, mchanga, na vile vijituta vilivyojipanga kama bati. Ukisimama, mbung'o wanakufikia kabla hujavua kofia. Sheli ni za kuhesabu. Kwa sehemu kubwa ya njia unategemea mafuta ya chupa, kama muuzaji yupo na kama hayajamwishia.

Safari ya kwanza nilikwenda kwa kubahatisha, nikafika kwa huruma ya watu. Niliporudi nilifanya jambo ambalo lilistahili kutangulia: nikapima pikipiki inakula kiasi gani. Nilijaza hadi shingo ya tanki, pikipiki ikiwa imesimama wima, nikaandika namba ya kilomita kwenye daftari. Nikaendesha, nikarudi sheli ileile, pampu ileile, nikajaza hadi alama ileile. Kilomita nilizokwenda nikazigawa kwa lita zilizoingia. Nikarudia mara kadhaa, maana kipimo kimoja hudanganya. Kwenye lami, mwendo wa 80, nilipata kilomita 22 kwa lita. Kwenye vumbi, nikiwa na mizigo, 18 na nusu. Kwenye mchanga wa kwelikweli, 15.

Zidisha 13 kwa 18 na nusu: kilomita 240. Hapo Itigi bado iko mbali sana, na uko mahali pa simba.

Asubuhi moja pale Makongolosi nikiwa nafunga mizigo, kijana wa bodaboda alisimama kunitazama. Akaniuliza, "Kaka, hilo likubwa linabeba lita ngapi?" Nikamwambia 13. Akapigapiga tanki la Boxer yake. "Hili kumi na moja. Na lita moja hainipi chini ya kilomita arobaini." Nikapiga hesabu kimyakimya: 440. Pikipiki yake ndogo ingefika Itigi bila kujazwa njiani, na yangu, yenye injini kubwa mara nne, ingezimika vichakani. Tangu siku hiyo sihesabu tena lita. Nahesabu kilomita ambazo lita hizo zinanipa, kwenye barabara ninayokwenda, kwa mzigo nilioubeba.

Na kuna kilomita za bure kabisa. Upinzani wa upepo haupandi sawasawa na mwendo: ukiongeza mwendo maradufu, upepo unaokurudisha nyuma unakuwa mara nne. Pikipiki yangu ikienda 110 kwenye lami inashuka hadi kilomita 17 kwa lita. Nikirudi 80 inanipa 22. Tofauti hiyo, kwa tanki la lita 13, ni kilomita 65, na hakuna fundi aliyelipwa. Chujio la hewa lililojaa vumbi, mnyororo uliolegea, matairi yenye upepo mdogo, vyote hivyo vinakunywa mafuta yako. Anayetaka kwenda mbali aanze hapo.

Lakini njia ya Rungwa haimalizwi kwa kupunguza mwendo peke yake. Nilihitaji mafuta zaidi.

Jaribio la kwanza lilikuwa dumu la njano la mafuta ya kula, lita tano, nikalifunga kwenye keria kwa mpira. Nilidhani nimemaliza. Jua la saa sita lilipolipiga lilianza kuvimba, pande zake zikatoka nje kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Mvuke ukatafuta njia kwenye mfuniko, mfuniko ukaanza kulia, na petroli ikawa inadondoka kidogo kidogo karibu na bomba la moshi. Niliigundua kwa harufu. Madumu hayo yametengenezwa kwa ajili ya mafuta ya alizeti. Mfuniko wake haujui kuzuia mvuke wa petroli. Dumu la petroli ni lile lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, la chuma au la plastiki nene, lenye mpira kwenye mfuniko. Na unapolijaza liweke chini, ardhini, bomba la pampu likigusa shingo yake. Likiwa juu ya kiti au keria, umeme ule wa msuguano unaojikusanya kwenye plastiki unaweza kuruka cheche, na cheche moja inatosha.

Jaribio la pili lilinigharimu zaidi. Fundi mmoja alinichomelea vitanki viwili vya bati, lita tano kila kimoja, akavifunga pembeni kwa nyuma. Vilipendeza kweli. Lakini lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo lita kumi ni kilo saba na nusu, kabla ya kuongeza bati lenyewe. Uzito huo ulikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele likawa jepesi, na kwenye mchanga usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu. Tena vitanki vile havikuwa na kuta za ndani, basi kila nilipofunga breki mafuta yalikimbilia mbele, nikiondoka yanarudi nyuma, nami nayasikia mgongoni. Kabla ya kufika Rungwa vile vijituta vya barabara vilishavunja mshono wa kitanki cha kulia. Bati limefungwa moja kwa moja kwenye chuma, hakuna mpira wa kupoza mtikisiko: lazima lipasuke. Nilikiziba kwa sabuni ya kipande, dawa ya zamani ya madereva wa malori, nikafika.

Kuhusu kuchomelea sitasema kwa sauti ya chini. Tanki tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa. Lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke. Lililomwagwa limebaki na mvuke uliochanganyika na hewa, na huo ndio unaolipuka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya mashimoni, unaweza kufuata moto ulio mbali na wewe. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka; zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo vijana wa bodaboda. Mimi sipeleki tanki lililowahi kubeba petroli kwa mtu wa kuchomelea isipokuwa yule anayelisafisha kwanza kwa maji na sabuni, kisha analijaza maji hadi karibu na sehemu ya kuchomelea. Akitaka kulichoma likiwa limeinamishwa tu na kukaushwa juani, chukua tanki lako uondoke.

Njia ya tatu ndiyo niliyobaki nayo: kuvua tanki la kiwandani na kuweka kubwa zaidi mahali palepale. Waliotangulia katika jambo hili ni watu wa mashindano ya Paris hadi Dakar, yaliyoanza Desemba 1978. Mshindi wa kwanza upande wa pikipiki, Mfaransa Cyril Neveu, alitumia Yamaha XT500. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilitoa pikipiki ya kuuzia watu wa kawaida yenye tanki la karibu lita 30, ikaiita Ténéré, jina la jangwa la Niger. BMW nao wakatoa R 80 G/S ya Paris-Dakar yenye lita 32. Siku hizi viwanda vyenyewe hukupa chaguo: Honda Africa Twin ya 2018 ya kawaida ina lita 18.8, na ndugu yake ya safari ndefu, Adventure Sports, lita 24.2. Marekani, ambako kuna sheli kila kona, wapo wanaoongeza tanki ili wasipoteze muda kusimama. Chama chao cha waendeshaji wa masafa marefu, Iron Butt Association, kimeweka kikomo cha galoni 11 na nusu za kule, kama lita 43 na nusu. Wale wanakimbizana na saa. Sisi wa Rungwa tunatafuta kufika tu.

Tanki langu ni la plastiki, lita 20, limetengenezwa na Acerbis ya Italia, na rafiki alinibebea kutoka Ulaya. Nililipenda kwa sababu tatu. Halina mshono wa kupasuka. Ukianguka linabonyea na kurudi. Na rangi yake ni nyeupe inayopitisha mwanga, kwa hiyo unayaona mafuta yalipofikia, kama maji kwenye chupa. Lina tabia moja ya kuvumiliwa: plastiki hiyo hupumua mvuke kidogo, hivyo stika hazikai, na si vizuri kulilaza chumbani kwa watoto. Uzito wa lita saba zilizoongezeka ni kilo tano na kitu, na ziko mbele, karibu na magoti yangu, mahali ambapo pikipiki haizioni tabu. Usukani haukubadilika. Hesabu ilikuwa nzuri: 20 mara 18 na nusu, kilomita 370.

Nikaondoka na hesabu hiyo kichwani. Pale Rungwa muuzaji wa chupa alikuwa amekwenda msibani. Sikujali, nikapita.

Injini ilikata ndani ya vichaka vya Itigi, mchana, kipimo cha safari kikisoma kilomita 341. Nikageuza koki kwenye akiba: kimya. Nikashuka, nikatazama. Ndani ya plastiki nyeupe, upande wa kulia, mafuta yalikuwepo, yanaonekana wazi, karibu lita mbili. Upande wa kushoto hakuna kitu. Nilisimama pale mbung'o wakinila shingo, nikitazama petroli ambayo injini yangu haiwezi kuifikia.

Akatokea mzee mmoja na baiskeli, madumu mawili ya asali yamening'inia nyuma. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa?"

"Imeishiwa mafuta, mzee. Lakini yapo. Haya hapa."

Akaegesha baiskeli, akainama, akaweka kidole juu ya plastiki pale mafuta yalipofikia, kisha akazunguka upande wa pili akaweka kidole kwenye koki. "Haya ya huko yanafikaje huku?"

"Hayafiki."

"Basi ilaze. Sisi dumu la asali likibaki kidogo hatulitupi. Tunalilaza."

Tanki la pikipiki ya aina yangu limekaa juu ya bomba la fremu kama tandiko juu ya mgongo wa punda: mfuko mmoja kushoto, mwingine kulia, katikati mgongo. Mafuta yakiwa mengi yanapita juu ya mgongo huo. Yakishuka chini yake, kila mfuko unabaki na ya kwake, na koki iko kushoto tu. Tulifunga koki, nikahakikisha mfuniko umekaza, tukailaza pikipiki taratibu upande wa kushoto juu ya nyasi hadi mpini ukagusa ardhi. Tukayasikia yakimwagika ndani, yakivuka. Tulipoisimamisha, upande wa kushoto ulikuwa na mafuta. Nilisubiri kidogo mvuke upungue, nikafungua koki, nikawasha. Nilikwenda mwendo wa hamsini, sikuongeza, na mafuta hayo yalinifikisha sheli ya Itigi.

Yule mzee alikataa pesa. Nilinunua dumu lake moja la asali, nikalifunga kwenye keria, nikampelekea mama mkwe.

Hivyo, ukinunua tanki kubwa usisome tu namba iliyoandikwa kwenye boksi. Lijaze, endesha karibu na nyumbani hadi injini ikate, ukiwa na chupa ya akiba, kisha vua tanki, umimine na upime yaliyobaki ndani. Langu hubakiza lita moja na robo tatu hivi. Yako yanaweza kuwa machache zaidi au mengi zaidi, na matanki mengine yana koki mbili kwa sababu hiyohiyo. Pikipiki zenye pampu ya mafuta ndani ya tanki nazo zina mahali ambapo pampu hunyonya na mahali isipofika. Upime.

Anayeona tanki kubwa ni ghali, au ambaye pikipiki yake haina tanki la kubadilisha, kuna njia ya tanki la pembeni linalolisha kubwa. Nimeiona ikifanya kazi vizuri. Mpira mmoja unatoka chini ya tanki dogo hadi kwenye tundu la hewa la mfuniko wa tanki kubwa. Injini inapokunywa, nafasi inabaki ndani ya tanki kubwa, na nafasi hiyo inavuta mafuta kutoka dogo badala ya kuvuta hewa. Dogo lazima liwe na tundu lake la hewa, na mfuniko wa kubwa uzibe kabisa, la sivyo utavuta upepo. Uzuri wake ni kwamba dogo linaisha kwanza wakati kubwa bado limejaa, hivyo unajua ulipo. Weka koki na kichujio katikati ya mpira huo. Lakini kwa pikipiki za kisasa zisizo na kabureta, usikate kamwe mpira unaotoka kwenye pampu kwenda injini. Humo mafuta yanasukumwa kwa nguvu kubwa, na kiungo cha kuazima kikifyatuka yatamwagika juu ya injini yenye moto.

Jambo jingine la njia yetu ni joto. Naondoka Mbeya alfajiri ya Juni, vidole vimekufa ganzi, na mchana niko kwenye joto la Rungwa. Petroli hutanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi kumi za joto. Lita 20 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi zinaongezeka kama desilita nne, zaidi ya soda moja. Ukijaza hadi mdomoni kwenye baridi kisha ukaegesha juani, soda hiyo itatokea juu ya mfuniko na kumwagikia injini. Acha nafasi ya vidole viwili vitatu. Kama ni lazima ujaze hadi juu, jaza unapoondoka, si jioni ya kulala.

Mafuta ya chupa siyadharau, yameniokoa. Ila nayaweka kwanza kwenye chupa angavu, nayaacha yatulie dakika chache juu ya jiwe. Maji ni mazito kuliko petroli, yatajitenga chini na utayaona mstari. Yakiwa yamechakachuliwa kwa mafuta ya taa jicho haliwezi kuona, nayapaka mkononi. Petroli hupotea upesi na kuacha ngozi kavu na baridi, ya taa hubaki na utelezi. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji huo, lakini kipimo cha vinasaba hakikufuati hadi porini. Mimina kupitia kitambaa safi, na ukijua umepata mabaya yachanganye na mazuri mengi, uende polepole.

Leo naondoka Makongolosi na lita 20 kwenye tanki na dumu la chuma la lita nne, lililolala chini kabisa ya mfuko wa pembeni, mbele ya ekseli ya nyuma. Nikitoa ile lita moja na robo tatu isiyofikika, ni kilomita 411 bila kuilaza pikipiki. Zinanifikisha Itigi, na kidogo hubaki. Tanki la lita 13 nimelitunza stoo, na nikiwa mjini nalirudisha, kwa sababu kubeba mafuta usiyoyahitaji ni kubeba hatari usiyoihitaji.

Nawe unayejiandaa kwa njia yako, iwe ya Rungwa au nyingine yoyote isiyo na sheli, usianze kwa kuagiza tanki. Nenda kesho asubuhi ukajaze hadi juu, andika namba ya kilomita kwenye karatasi, uiweke chini ya kiti, na ukirudi kujaza uitoe.